Znüni: Waswisi nao wana chai ya saa nne, ila yao ina mwisho

Mgogo_Ughaibuni

Wakuu, salaam. Kuna mdau aliuliza kwenye uzi mwingine kama ni kweli Waswisi wanapiga kazi kama punda, hawainui kichwa. Nikamwahidi nitakuja na uzi wake. Ndio huu, vuteni viti.

Nipo kwenye ghala la vipuri karibu na Olten, ule mji wa makutano ya reli, mwaka wa nne sasa. Tunaanza saa moja kamili asubuhi. Siku ya kwanza nilikuja na ile nia ya mgeni: leo watanijua. Napanga maboksi, macho chini. Ilipotimu saa tatu, ghala likanyamaza. Hakuna kengele wala king'ora. Folklifti zimeshusha uma, mashine ya kufunga mizigo imezimwa, watu hawaonekani. Nikasema moyoni, safi, bosi akipita atanikuta peke yangu nachapa kazi.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mzee mmoja dereva wa folklifti, mtu ambaye kustaafu kwake ni kesho kutwa, akaja mpaka nilipo. "Chunnsch?" Yaani, unakuja? Nikamtumbulia macho. Akaongeza: "Znüni." Kijerumani changu cha darasani hakikuwa na neno hilo. Nikajua nimevunja kitu. Nikamfuata kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kumbe chumbani kuna meza ndefu, watu kumi na mmoja wamekaa, bosi akiwemo, mbele yao kahawa na vimkate vya mwezi mwandamo (Gipfeli wanaviita). Mwingine anakata soseji kwa kisu cha mfukoni, mwingine ana tufaha. Nilipokaa wakaitikia kwa pamoja "E Guete", ndiyo karibu yao ya chakula. Baadaye sana mzee yule aliniambia kwamba siku mbili zile walidhani nawadharau. Mimi najiona mchapakazi, wao wananiona mtu wa majivuno asiyetaka kukaa na wenzake.

Sasa neno lenyewe. Znüni ni "ya tisa", na tisa yao ya asubuhi ni saa tatu yetu. Ya alasiri inaitwa Zvieri, "ya nne", ambayo kwetu ni saa kumi. Yaani wameita chakula kwa saa, kama sisi tunavyosema chai ya saa nne! Milo yao yote imekaa kwenye herufi moja: Zmorge asubuhi, Znüni, Zmittag mchana, Zvieri, Znacht usiku. Siku nzima ni Z tu.

Ila jambo lililonishika ni hili. Saa tatu na dakika kumi na nne mzee yule anafunga kisu, anafuta makombo kwa kiganja, anasimama. Hamwambii mtu kitu. Ikifika na robo folklifti inanguruma. Kwetu chai ya saa nne tunajua inaanza lini. Inaisha lini?

Koti_Kwenye_Kiti

Mkuu umenigusa na jina langu hili 😂 Niliwahi kwenda ofisi moja ya umma (siitaji) kufuatilia faili. Saa nne na nusu: "ameenda kunywa chai." Saa sita: "bado hajarudi chai." Koti lipo kwenye kiti, miwani juu ya meza, mtu hayupo. Chai gani hiyo ya masaa mawili, anaichuma mwenyewe kule Mufindi?

Wa_Kongowea

Hapa Mombasa usiseme vibaya chai ya saa nne, utapigwa. Chai ya maziwa, mandazi au mahamri na mbaazi. Fundi wa mjengo akikosa chai ya saa nne, ukuta unapinda. Sasa swali langu kwa huyu ndugu: hiyo kahawa analipa nani? Kampuni ama wewe?

Mgogo_Ughaibuni

@Wa_Kongowea swali zuri, na hapo ndipo nilipoumbuka mara ya pili.

Pembeni ya mashine ya kahawa kuna kopo la bati na karatasi yenye majina yetu. Kila kikombe unachora kijistari mbele ya jina lako, mwisho wa mwezi unahesabu vijistari na kutia hela kwenye kopo. Hakuna mlinzi, hakuna kamera. Mimi wiki mbili nakunywa bure, nadhani ni ukarimu wa kampuni. Hakuna aliyenisema. Siku moja nikakuta jina langu limeandikwa chini ya orodha kwa mwandiko wa mtu mwingine, safi, na mbele yake pako wazi. Nilisimama pale nikahesabu vidoleni vikombe vyote nilivyokunywa, nikachora vyote, nikaongeza viwili vya aibu.

Ni nafuu lakini. Mgahawani kikombe kimoja cha café crème ni zaidi ya faranga 4.

MamaJunior_Winterthur

Mgogo umesahau upande wa watoto, na huko ndiko kwenye moto wenyewe.

Mwanangu alipoanza chekechea, Chindsgi wanavyoita, alipewa kile kipande cha kung'aa cha kuvaa shingoni ili madereva wamwone, nami nikamnunulia kimkoba cha Znüni. Siku ya kwanza nikamwekea maandazi mawili ya iliki, yametoka jikoni asubuhi ile, na juisi ya embe. Akarudi nayo vilevile. Ndani ya kimkoba kuna karatasi ya picha: karoti, tufaha, tango, kipande cha mkate wa ngano isiyokobolewa, jibini, maji. Upande wa pili picha zilizokatwa kwa mstari mwekundu: keki, biskuti, chokoleti, soda, juisi. Andazi halikuwemo kwenye picha, ila mwalimu alilipeleka upande wa keki.

Nilikasirika jamani. Nchi ya chokoleti inamkatalia mwanangu andazi! Nikaenda kuonana na mwalimu nimejiandaa kwa vita. Yule mama akaniuliza kwa upole: limekaangwa kwenye mafuta? Ndiyo. Lina sukari? Ndiyo. Akatabasamu, akasema siku ya kuzaliwa ya mtoto niyalete ya darasa zima. Nikakosa pa kushika. Siku ilipofika nikapeleka arobaini. Walimu walikula wakamaliza, karoti zikabaki.

Mpaka leo Junior ana karoti kila siku, na ukimwambia "chai ya saa nne" anakusahihisha: siyo chai mama, ni Znüni.

Bibi wa Ngamiani

Wajukuu hamjambo. Nauliza tu mtu mzima. Sisi Tanga muuza kahawa anapita na dele lake akigonga vikombe, wanaume barazani wanakunywa kahawa chungu na kashata, siasa zinaanza, mpira unafuata, mpaka adhana ndiyo inawanyanyua. Ile kahawa ni mazungumzo. Sasa hao wa dakika kumi na tano wanazungumza nini? Au wanatafuna tu wakitazamana?

Mgogo_Ughaibuni

Shikamoo bibi. Umeuliza penyewe.

Mwezi wa kwanza niliona hawasemi kitu. Mvua. Theluji. Nani amevua samaki gani mto Aare. Vijana wanalalamikia mafunzo ya jeshi ya kila mwaka. Kisha katikati ya hayo mtu anatupia: "ile mashine ya pili inapiga kelele tena." Bosi anatafuna, hajibu. Saa nne fundi yupo. Hapo nikaelewa kwa nini nilikuwa wa mwisho kujua kila kitu. Mabadiliko ya zamu, mteja aliyeghairi, nani anahama, vyote vilipita mezani pale saa tatu, na mimi niko na maboksi yangu nikingoja nitangaziwe kikao.

Na pale mezani wote tunaitana "du", yaani wewe wa kawaida, siyo ule wa heshima. Bosi alinipa ruhusa hiyo kwenye Znüni. Alinyoosha mkono, akataja jina lake la kwanza, basi. Nilijaribu kumwita Bwana Fulani kesho yake, akacheka.

Dereva_wa_Ifakara

Mmenikumbusha marehemu baba. Alikuwa dereva wa Waswisi pale Ifakara, kwenye ile maabara iliyoanzishwa miaka ya 1950 na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Baba alikuwa akisema Mswisi ukimcheleweshea gari atakuvumilia, ukimcheleweshea chai ya asubuhi ananuna mpaka jioni. Hata porini Kilombero, mbu wanawala, gari limekwama kwenye tope, saa ikifika wanatandika turubai wanakata mkate. Sisi tulidhani ni chumvi za mzee.

Mtetezi_Kazini

Naomba niwe mchawi wa uzi. Mnasifia kana kwamba mwajiri wa Uswisi anawapenda. Dakika hizo kumi na tano analipwa mtu au hakuna? Jibu la ndiyo au hapana tafadhali.

Mgogo_Ughaibuni

Hapana. Kwetu tunagonga kadi tukitoka, tunagonga tukirudi. Ndiyo maana jioni naondoka robo saa baadaye. Kuna ofisi za watu wakubwa wanaolipwa, lakini ghalani hapana.

Na sheria yao haiitaji Znüni mahali popote. Inasema ukifanya kazi zaidi ya saa tano na nusu kwa siku upate angalau dakika 15, ukizidi saa saba dakika 30, ukizidi tisa saa nzima. Mapumziko yanahesabiwa kuwa kazi pale tu unapokatazwa kuondoka mahali pako pa kazi. Kwa mtu wa saa nane na nusu kama mimi, mlo wa mchana peke yake unatimiza sheria. Znüni ni mila iliyopandishwa juu yake.

Mtetezi_Kazini

Nilijua. Sasa ngoja niwape ya Neuchâtel, upande wa viwanda vya saa. Kampuni moja ya kutengeneza nyuso za saa iliwataka wafanyakazi wagonge kadi hata wakienda msalani. Haja ndogo, muda umekatwa! Wakaguzi wa kazi wa jimbo wakaipinga, shauri likafika mahakamani. Mwaka 2024 mahakama ya jimbo ikaipa kampuni haki, kwa sababu sheria haikueleza bayana mapumziko ni nini hasa. Ikaongeza tu kwamba utaratibu ule unawabagua wanawake wanapokuwa hedhini, hivyo kampuni itafute njia ya kupunguza ubaguzi huo. Hao ndio wenye mila ya kahawa.

Na kwenye ujenzi, chama cha wafanyakazi Unia kilipokwenda kwenye mazungumzo ya mkataba wa mwaka 2025, kati ya madai yake lilikuwepo la Znüni kulipiwa. Mila nzuri, lakini mtu anaigharamia mwenyewe kwa muda wake.

Halafu msidharau ya kwenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60. Saa za kawaida kwa wiki ni 45, na Uswisi ukomo wa sheria kwa viwandani na maofisini ni hizohizo 45. Kwenye karatasi tunalingana nao au tunawazidi.

Koti_Kwenye_Kiti

Kwenye karatasi ndiyo. Nenda kamwambie Mhindi wa duka la Kariakoo habari ya dakika 60.

Mtetezi_Kazini

@Koti_Kwenye_Kiti mambo ya Mhindi yaache, wenye maduka wa makabila yote wanafanya hivyo, wa kwetu wakiongoza.

Koti_Kwenye_Kiti

Sawa mkuu, nimepokea. Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa mjomba wangu mwenyewe, na chai sikuiona.

Mushi_wa_Kahawa

Mimi nakaa Kibosho, nina mibuni ya babu. Mnazungumzia gipfeli na karoti, hakuna aliyeuliza hiyo kahawa inatoka wapi. Hawa watu hawana mbuni hata mmoja shambani, lakini kahawa wanayouza nje inawaingizia hela kuliko chokoleti na jibini! Kampuni kubwa za kununua na kuuza kahawa ya dunia zimekaa huko Geneva, Zug, Winterthur. Gunia linaweza lisikanyage Uswisi kabisa, likatoka bandari ya huku likaenda ya kule, ila limeuzwa mezani kwao.

MamaJunior_Winterthur

Tena Mushi wana akiba ya dharura ya kahawa. Kweli kabisa. Nchi inayalazimisha makampuni kuweka ghalani ngano, mchele, sukari, mafuta, na kahawa, ikitokea vita au njia zikifungwa. Mwaka 2019 serikali ikasema kahawa iondolewe kwenye orodha, maana haina nguvu ya chakula, mtu hafi kwa kuikosa. Ilikuwa zaidi ya tani 15,000. Wee! Kelele zilizopigwa hapa, kama wametangaza kufunga milima. Wazo likawekwa kando.

Mgogo_Ughaibuni

Mushi, nikuchekeshe. Nilitoka likizo na kopo la Africafe ya Bukoba, nikaliweka mezani kwenye Znüni kwa fahari. Wakaliangalia. Mmoja akauliza kwa adabu, "ya kukoroga?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kama samaki ameoza. Nikawaambia, mabwana, kahawa ya kukoroga mmeileta ninyi. Nescafé ilitoka kwenu mwaka 1938, Brazil walikuwa na kahawa imewajaa hawana pa kuipeleka, ndipo Nestlé ya Vevey ikaombwa itafute njia. Kimya. Mzee wa folklifti akanyoosha kikombe, akasema nitilie. Alikunywa, akasema ina nguvu ya kuendesha folklifti bila betri. Kopo liliisha kwa wiki moja na nusu, na kila kikombe kilichorwa kijistari! Ilibidi niwaeleze kuwa ya kwangu hailipiwi.

Na ile Ovaltine tuliyonyweshwa utotoni tukidhani ya Mwingereza, asili yake ni Bern, mwaka 1904, wenyewe wanaiita Ovomaltine. Huku ipo mezani kila asubuhi.

Mushi_wa_Kahawa

Nimecheka lakini nimeumia. Huku Moshi mgeni akija tunamtolea kopo hilohilo, na arabika yetu safi imeshaondoka na gunia.

Baba_Furaha_Lausanne

Jambo bandugu. Miye ni mtu wa Bukavu, niko Lausanne tangu 2011, nafanya kazi ya kutunza wazee. Huku upande wa Kifaransa hakuna Znüni. Watoto wanakula "les dix-heures", ni kusema "ya saa kumi" ya wazungu, saa nne yetu. Basi sisi ndio tuko sawa na chai yenu kabisa, saa nne juu ya saa nne! Mangaribi mbele kidogo ni "quatre-heures". Wale wa Ticino, upande wa Kiitaliano, wanasema merenda. Wale wa milima ya Graubünden wanasema Marend, na wanaleta nyama kavu.

Lakini kitu kimoja: kwa nyumba ya wazee, wakati sisi tunapumzika, kuna kengele inalia. Mama mzee anataka choo. Huwezi kumwambia niko kwenye dakika zangu. Kahawa yangu naikunywa ya baridi karibu kila siku. Mila hii ni ya watu wa mashine, kwa sababu mashine unaizima.

Mgogo_Ughaibuni

@Baba_Furaha_Lausanne hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Asante.

Nimalizie la siku ya kuzaliwa maana kuna watu wameniuliza inbox. Kwetu siku yako ya kuzaliwa unajificha usimwagiwe maji. Mimi nikamwambia kijana mmoja kwamba Alhamisi natimiza miaka thelathini na nne. Alhamisi saa tatu naingia chumbani nikitegemea keki. Meza tupu. Watu kumi na mmoja, vikombe mkononi, hakuna aliyenunua hata kimkate kimoja, wananitazama. Mimi nawatazama. Wote tunasubiri. Kumbe huku mwenye siku ndiye analeta! Mwanafunzi wa kazi alikimbizwa dukani kwa mwoka mikate, nikalipa vimkate kumi na viwili vya njugu, Nussgipfel, siku yangu mwenyewe. Walinipongeza vizuri sana baada ya hapo.

Dada_Mgeni_StGallen

Habari zenu kaka na dada. Jumatatu naanza kazi ya jikoni hotelini, St. Gallen. Nimesoma uzi wote nimeingiwa na hofu. Nipeleke nini siku ya kwanza? Sitaki kuonekana mchoyo wala mshamba.

Mgogo_Ughaibuni

Siku ya kwanza usipeleke kitu dada. Kaa nao, kula chako, sema E Guete, angalia kama kuna orodha ya vijistari. Ukimaliza muda wa majaribio ndiyo unaleta cha wote. Na dagaa usipashe kwenye maikrowevu, nakuomba.

MamaJunior_Winterthur

Mpelekee maandazi ukifika wakati wake, mdogo wangu. Wakiwa kumi peleka ishirini na tano, kila mmoja atasema amechukua moja. Sukari punguza nusu, iliki usiogope.

Dada_Mgeni_StGallen

Asante dada. Iliki nimekuja nayo. Hamira ya huku ndiyo sijaiona, nimezunguka rafu zote za unga.

MamaJunior_Winterthur

Huioni kwa sababu haipo kwenye unga. Iko kwenye friji karibu na siagi, kipande kidogo cha mraba cha gramu 42. Uliza "Hefe". Nusu kipande kinatosha nusu kilo ya unga, na maji yawe vuguvugu tu.